Namna ya kuifikisha barabara ya mtaa kwenye bajeti, na kumpatia mtembea kwa miguu pa kupita

Malalamiko ya barabara yanayotoka mitaani Mbeya, Iringa au Njombe ni machache yanayokataliwa waziwazi. Mengi hufia njiani. Mtu anasimama mkutanoni, anaongea kwa uchungu, watu wanapiga makofi, mwenyekiti anasema "tumelipokea", kisha kwenye muhtasari panaandikwa: "wananchi walilalamikia ubovu wa barabara". Sentensi hiyo haina jina la barabara, haina urefu, haina kinachoombwa. Mhandisi akiipata haimsaidii kupanga hata shilingi moja. Diwani naye akisimama barazani hana cha kushika mkononi.

Maelezo haya ni kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, watendaji, kamati za shule na mwananchi yeyote aliyechoka kuruka madimbwi.

Kwanza, barabara ni ya nani?

TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, inasimamia barabara kuu na barabara za mikoa. TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, inayokatisha Makambako, inayoingia Mbeya kwa Uyole na kutokea Mbalizi, ni yao. Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu na Kasumulu ni yao, na ya Makambako kwenda Njombe hadi Songea pia. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi Julai 2017 chini ya TAMISEMI, ina zile za wilaya: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Halmashauri yenyewe haina tena greda la kuchonga barabara, lakini imebaki na mambo mazito kuliko watu wanavyodhani: masoko, stendi, vijiwe vya bodaboda na bajaji, vibanda, taka zinazoziba mitaro, na sheria ndogo.

Kwa hiyo kero moja huwa na wenyewe watatu au wanne. Chukulia soko lililo kando ya barabara kuu. Kivuko cha pundamilia kilichofutika ni cha TANROADS. Mtaro wa barabara ya ndani inayomwaga tope hapo ni wa TARURA. Meza za nyanya zilizokaa juu ya njia ya miguu ni za halmashauri. Mwendo wa madereva ni wa polisi wa usalama barabarani. Barua moja ikibeba yote hayo, kila ofisi itasoma sehemu isiyoihusu na kuiweka kando. Andikeni nne, kila ofisi na yake.

Kabla ya kuandika, nendeni ofisi ya TARURA ya wilaya muulize jambo moja tu: barabara yetu imo kwenye mtandao wa barabara uliosajiliwa, na kwa jina gani? Mtaani mnaweza kuwa mnaiita "ya kwa mzee fulani" wakati kwenye mfumo wao ina jina jingine kabisa na urefu wake. Isipokuwemo, haipati fedha za Mfuko wa Barabara hata ikiwa na mashimo ya kumeza bajaji, na ombi lenu la kwanza liwe kusajiliwa, si kuchongwa. Sehemu zilizojengwa kiholela zina kikwazo kingine: njia ina upana wa mita mbili au tatu na hakuna greda linaloingia. Hapo wenye viwanja wakubali kumega ardhi kwa maandishi, kila mmoja asaini mbele ya mtendaji, na karatasi hiyo iambatanishwe. Makubaliano ya mdomo huvunjika siku greda linapofika kwenye ua wa mtu.

Kalenda inayoamua

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mvua za huku zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na ukanda wa Tukuyu hukawia zaidi kukauka. Kalenda hizi mbili ndizo zinazowaangusha wengi: wananchi wanakasirika Februari barabara ikiwa tope, wakati bajeti inayokuja imeshafungwa kwenye ngazi ya halmashauri au inakaribia kufungwa.

Mapendekezo ya mtaa au kijiji yawe tayari kufikia Oktoba, au mwanzoni mwa Novemba kwa kuchelewa sana. Yanapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Yakitoka hapo yanaingia kwenye kamati ya kudumu: kwa halmashauri za wilaya ni Uchumi, Ujenzi na Mazingira, kwa miji ni Mipangomiji na Mazingira. Kisha Baraza la Madiwani hupitisha mapema mwaka unaofuata, mkoa unapitia, na Bunge linamaliza kabla ya Juni kuisha. Kero zinazohusu barabara kuu huenda pia kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa na wabunge huingia. Diwani hawezi kuiamuru TANROADS, lakini azimio la baraza likisomwa kwenye bodi hiyo lina uzito ambao barua ya mtaa haina.

Mlioikosa Oktoba mna nafasi mbili. Moja ni fedha za dharura, na hizo ni kwa kalavati lililosombwa au barabara iliyokatika, si kwa mashimo. Ripoti itolewe siku hiyohiyo kwa TARURA na kwa Mkuu wa Wilaya, pamoja na picha zinazoonyesha ukubwa wa tatizo, mtu akiwa amesimama kando ya palipokatika kama kipimo. Ya pili ni kuomba kazi ndogo ndani ya fungu la matengenezo ya kawaida ambalo tayari lipo, kama kuzibua mitaro na kufyeka. TARURA huwapa vikundi vya wananchi kazi za namna hiyo, na kikundi kilichosajiliwa kina nafasi kuliko kundi la vijana lisilo na jina.

Pimeni kabla ya kulalamika

Vifaa: kamba ya manila ya mita 20 iliyofungwa fundo kila mita, simu yenye ramani, daftari, na saa ya kuhesabu sekunde. Inatosha.

Tembeeni barabara nzima, na kila tatizo mliandikie umbali kutoka mwanzo wa barabara. Mhandisi hapangi fedha kwa "barabara yote mbovu". Anapanga kwa aina ya kazi. Kuna matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, matengenezo ya sehemu korofi, na ya makalavati na madaraja. Kilomita tatu zenye sehemu korofi mbili za mita 80 ni ombi dogo linaloweza kupita mwaka huu. Kilomita tatu zilezile zikiombewa lami zitasubiri miaka. Wengi huomba lami kwa sababu jirani amepata lami, halafu hukosa hata changarawe. Ombeni kile kitakachowafanya mpite Machi.

Kwa usalama wa waenda kwa miguu, pimeni mambo mawili.

La kwanza ni watu. Kaeni mahali wanapovukia, saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi na tena muda wa kutoka shule, siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa ya gulio. Watoto wahesabiwe peke yao, watu wazima peke yao, na malori, mabasi, magari madogo na pikipiki kila kimoja kwa safu yake. Msizidishe. Mhandisi akija kuhakiki akakuta nusu ya mlichoandika, hata yaliyo ya kweli hatayaamini.

La pili ni mwendo. Pimeni mita 100 kwa kamba, wekeni alama mbili pembeni, mmoja asimame kwenye alama ya kwanza anyanyue mkono gari likipita, mwingine kwenye alama ya pili ahesabu sekunde. Gawanyeni 360 kwa sekunde hizo mpate kilomita kwa saa. Gari likitumia sekunde 7.2 linakwenda 50, ambao ndio ukomo kwenye makazi. Likitumia 4.5 linakwenda 80. Simameni nje kabisa ya barabara, tena msivae vizibao vya kuakisi mwanga. Dereva akiwaona kama askari atapunguza mwendo na vipimo vyote vitaharibika. Magari 40 yanatosha kuonyesha hali.

Namba hizo zina maana yake. Mtoto anayevuka barabara ya mita 7 kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde anahitaji sekunde 7. Ndani ya sekunde hizo gari la kilomita 80 kwa saa limeshakula mita 155. Kama kona au kilele cha mlima kiko mita 100 kutoka hapo, mtoto anaanza kuvuka wakati gari halionekani, na linamfikia akiwa bado katikati. Hesabu hii iandikwe kwenye barua kwa umbali halisi wa mahali penu. Inafanya kazi kuliko ukurasa mzima wa masikitiko.

Muhtasari uandikweje

Mwekeeni mtendaji maneno tayari. Kwa mfano:

"Mkutano umeazimia kuiomba TARURA, kwa bajeti ya mwaka ujao wa fedha, ifanye matengenezo ya sehemu korofi kwenye barabara ya (jina lililosajiliwa), kuanzia mita 400 hadi 480 na mita 1,150 hadi 1,230 kutoka makutano ya barabara kuu, na iweke kalavati moja la kipenyo cha sentimita 90 mahali pa mita 1,190, badala ya lililopo la sentimita 45 ambalo limezibwa na tope. Wananchi watachimba mitaro ya kutolea maji kwa nguvu zao. Viambatanisho: picha, orodha ya vipimo, idhini za wenye viwanja."

Aya hii ina mahali, ukubwa, kazi, na mchango wa wananchi. Hakikisheni mahudhurio yamesainiwa, na mkabidhi nakala huku ya kwenu ikigongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri hamna cha kufuatilia. Mkinyimwa taarifa ya kilichoamuliwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mara nyingi kuitaja tu kwenye barua kunatosha.

Tuta, rasta au pundamilia?

Hapa ndipo maombi mengi hukosea. Ajali ikitokea, kilio cha kwanza ni matuta. Wakati mwingine vijana wanayaweka wenyewe usiku, kwa udongo au magogo. Ni kosa kisheria, na ni hatari vilevile: tuta lisilo na alama kwenye ukungu wa Uyole, Njombe au Mufindi linaangusha bodaboda kabla halijamzuia dereva wa lori.

Tuta la kitaalamu lina kimo kisichozidi sentimita 10 na upana wa karibu mita 3.7, limepakwa rangi, na lina alama kabla ya kulifikia. Linafaa mbele ya shule kwenye barabara za ndani na sehemu tambarare. Kwenye mteremko mrefu wa TANZAM mhandisi atakataa, na ana haki. Lori lenye mzigo linashuka breki zikiwa zimeshapata moto; kulilazimisha kukanyaga breki ghafla kwenye mteremko ni kulitafutia kushindwa. Huko ombeni rasta, yaani vituta vidogo vilivyopangwa karibukaribu, zinazomshtua dereva mapema, alama za mwendo, kingo za chuma, na njia ya miguu iliyotengwa na barabara kwa mtaro au kingo. Kivuko chenyewe kisogezwe hadi mahali tambarare hata kama watu watatembea mita 150 zaidi, na pembeni pawekwe uzio mfupi wa kuwaelekeza. Bila uzio watavukia palepale walipozoea.

Pundamilia peke yake, bila alama za onyo na bila kupunguza mwendo, ni rangi tu. Ina ubaya hata wa kumpa mtoto imani ambayo dereva hana. Ombeni kivuko kilichoinuliwa, yaani pundamilia juu ya tuta pana la bapa, penye shule au zahanati.

Mahali pa kivuko napo pana siri yake. Kikiwa mbele ya kituo cha daladala, abiria anayeshuka huvuka mbele ya pua ya Kosta iliyosimama. Dereva anayeipita hamwoni hadi ametokeza. Kivuko kiwe nyuma ya kituo, ili anayeshuka avuke gari likiwa limempita. Kama kituo kimewekwa vibaya, ni rahisi kusogeza kituo kuliko kivuko, na hilo linaanza na ombi kwa halmashauri.

Kumbukeni mabega ya barabara. Watu hawatembei kwenye lami kwa kupenda. Bega limekaliwa na pikipiki, mahindi ya kuchoma na marundo ya mchanga. Diwani anaweza kupeleka hoja ya kuhamisha kijiwe cha bodaboda mita 30 kutoka kwenye kivuko bila kusubiri bajeti ya mtu. Ni uamuzi wa bei nafuu kuliko yote kwenye maelezo haya, na ndio unaoahirishwa zaidi, kwa kuwa bodaboda ni wapiga kura. Wapatieni kijiwe kingine chenye kivuli kabla ya kuwahamisha, la sivyo watarudi wiki ijayo.

Vifuniko vya mitaro

Mtaro wa wazi mjini ni mtego usiku, hasa kwa wazee na watoto. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 unafunikwa kwa vipande vya zege vyenye urefu wa sentimita 90, upana 40 na unene 10. Sentimita 15 zinakaa juu ya ukuta kila upande. Kipande kimoja kina uzito wa kilo 86 hivi, watu wawili hadi wanne wanakiinua wakati wa kuzibua. Msivitengeneze vikubwa zaidi, maana kisichoinulika hakizibuliwi tena. Zege la 1:2:4, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa vipande vinne. Nondo za milimita 12 zikae chini, sentimita 2.5 kutoka uso wa chini. Mafundi wengi huziweka katikati au juu, na kifuniko hupasuka kwa mtu mmoja aliyebeba gunia. Vimwagiliwe maji siku 7 kabla ya kupandwa. Ni kwa watu tu. Penye geti la gari hesabu ni nyingine, mwulizeni mhandisi. Acheni nafasi ndogo kati ya vipande ili maji ya barabarani yaingie, na ombeni kibali cha mwenye barabara kabla ya kuanza.

Tukiwa hapo kwenye mageti: chanzo kikubwa cha barabara za mtaa kukatika si mvua, ni vivuko vya mageti. Mwenye nyumba anaweka bomba la inchi 6 ndani ya mtaro wa sentimita 60, linaziba kwa majani na mifuko, maji yanapanda barabarani na kuchimba. Kivuko cha geti kisipunguze nafasi ya mtaro. Hili mtaa unaweza kulisimamia wenyewe kwa kupita nyumba kwa nyumba Oktoba.

Mkandarasi akishafika

Someni bango la mradi: jina la mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza na kumaliza. Kisha angalieni mambo haya.

Mgongo wa barabara. Barabara ya udongo au changarawe yenye upana wa mita 5 katikati iwe juu kuliko ukingo kwa sentimita 12 hadi 15. Fungeni kamba kutoka ukingo hadi ukingo juu ya vijiti viwili vya kimo sawa, muone. Greda likipita mara mbili tu na kuacha barabara bapa kama meza, mvua ya kwanza itatandaza madimbwi.

Tuta la udongo pembeni. Greda likiacha mstari wa udongo ukingoni, maji yanafungiwa barabarani badala ya kuingia mtaroni. Uondolewe kabla greda halijaondoka.

Changarawe. Kama mkataba unasema sentimita 15, ni baada ya kushindiliwa. Ikimwagwa sentimita 15 ikiwa huru itabaki 12 hivi. Chimbeni kishimo pembeni mpime, mkimwalika msimamizi wa TARURA awepo. Na ishindiliwe ikiwa na unyevu. Boza la maji lisipoonekana kiangazi, kazi hiyo itakuwa vumbi Septemba na tope Desemba. Kwenye milima mikali ya Rungwe au Kilolo changarawe haikai kabisa, husombwa msimu mmoja. Huko ombeni mawe yaliyopangwa au zege kwenye sehemu kali tu, mita 60 au 100, na mlima wenyewe utapitika.

Mitaro ya kutolea maji. Iwepo kila mita 20 hadi 50, ikikaribiana zaidi kadiri mteremko unavyoongezeka, na isimwage maji kwenye shamba la mtu asiyejua. Akishalia, ataiziba usiku.

Mkiona kasoro, msimzuie mkandarasi na msigombane na dereva wa greda. Pigeni picha, andikeni barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Mikataba huwa na muda wa matazamio ambapo mkandarasi anarekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake huzuiwa hadi muda huo uishe. Ulizeni mapema tarehe ya mwisho wake. Kazi ikikamilika Oktoba, tembeeni barabara nzima baada ya mvua kubwa za Desemba na tena Februari, na orodha ya kasoro iwasilishwe na kugongwa muhuri kabla ya tarehe hiyo kupita.